Mwaka wa kujitolea Wuppertal: utembee lini, uone nini, na mama umwambie nini

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, natokea Iringa. Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Wuppertal, Ujerumani, kuanzia Septemba. Chumba na chakula wanatoa, pamoja na posho kidogo ya mfukoni. Rafiki zangu wanasema nisithubutu kurudi bila kufika Paris, Roma na Amsterdam. Mama anasema nakwenda kuhudumia wazee, siendi kutalii, na nisije nikawaaibisha walionidhamini. Naomba ushauri: kweli nitapata muda na pesa za kutembea? Na nikipata, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Kazi yangu ni kuwaandaa vijana wanaokwenda kujitolea Ujerumani, na swali lako huulizwa katika kila kundi. Huulizwa kwa sauti ya chini, semina ikiwa imekwisha na watu wanapanga viti, kana kwamba kutaka kutembea ni utovu wa nidhamu. Sivyo. Huduma hii imewekwa iwe mwaka wa kujifunza kwa kijana, si njia ya kupata kibarua wa bei rahisi. Ndiyo maana ukitumikia miezi 12 unatakiwa uhudhurie siku 25 za semina, na siku hizo zinahesabiwa kuwa siku za kazi. Mara nyingi semina hufanyika mji mwingine, pamoja na vijana wa nchi nyingine, nauli wanalipa wao. Hapo tayari umeshatembea, na hakuna wa kukunung'unikia.

Hata hivyo, katika ubishi wa mama na rafiki zako mimi nakaa upande wa mama, ila kwa sababu ambayo si yake. Yeye anaogopa aibu. Mimi naogopa urudi na simu iliyojaa picha za minara huku Wuppertal nzima usiwe na mtu wa kumpigia Krismasi ijayo. Paris utakwenda siku yoyote utakayokuwa na viza na pesa. Kukaa mwaka mzima kwenye mji mmoja wa Kijerumani, muuza mkate anakujua, bibi wa mwisho wa korido anakataa kuchanwa nywele na mtu mwingine ila wewe, hilo hakuna wakala wa utalii anayeliuza.

Muda ndio utakaokubana kuliko pesa. Nyumba ya wazee haifungwi Jumapili wala sikukuu. Zamu ya asubuhi huanza alfajiri, mara nyingi kwenye saa kumi na mbili na nusu, na wengi hufanya kazi wikendi moja na kupumzika inayofuata. Likizo kwa mtu mzima anayefanya kazi siku tano kwa wiki haipungui siku 20 kwa mwaka kisheria. Mashirika mengi hutoa zaidi, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujamwahidi mtu safari. Ratiba ya zamu, wao wanaiita Dienstplan, hutoka wiki kadhaa mapema, na ikishatoka haiguswi kwa sababu tu rafiki yako wa Hamburg amekualika jana usiku.

Humo ndani kuna nafasi kwa mwenye akili. Wafanyakazi wenye watoto huwahi kuomba likizo za shule: Oktoba, Krismasi, Pasaka na kiangazi. Wewe huna mtoto wa shule. Omba Mei, omba Novemba, omba katikati ya Machi. Utapewa bila kuzungushwa, na hosteli zitakuwa nafuu. Ukijitolea kushika zamu ya mkesha wa Krismasi, mkuu wa zamu hatasahau siku utakapomwomba siku nne mfululizo. Na usihuzunike sana kwa kuikosa jioni hiyo mjini: tarehe 24 Desemba ikifika mchana maduka yanafungwa, kila mtu anaingia kwao, na barabara zinakuwa tupu. Mgeni aliyekaa peke yake chumbani usiku ule huumia. Kwenye nyumba ya wazee kutakuwa na nyimbo, mishumaa, na kachumbari ya viazi na soseji, ambacho ndicho chakula cha mkesha katika nyumba nyingi tu za Ujerumani, wala si bata unayemwona kwenye filamu.

Jambo jingine la ratiba: Jumapili maduka yamefungwa lakini makumbusho yako wazi, na Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa. Kwa hiyo siku ya mapumziko ikikuangukia Jumatatu, fua nguo au nenda msituni. Wajerumani wanapenda kutembea msituni kwa miguu bila kwenda popote, na huko Wuppertal misitu inaanzia karibu mwisho wa barabara. Nunua viatu visivyopitisha maji. Mji ule una sifa ya mvua.

Sasa pesa. Kabla ya nauli kuna la nyumbani: ukoo ukisikia uko Ulaya, ada za watoto wa mashangazi zitaanza kukufuata kwenye WhatsApp. Afadhali mama awaambie mapema, yeye, si wewe, kwamba hii si ajira na kwamba posho ni ya sabuni, vocha na nauli. Nimeona vijana wakimaliza mwaka hawajavuka hata mto Rhine, ulio nusu saa kutoka kwao, kwa sababu hiyo tu.

Tiketi utakayoishi nayo inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa Euro 49 kwa mwezi na imekuwa ikipanda. Tangu Januari 2026 ni Euro 63. Waulize wenyeji wako kama wanailipia au kuichangia, maana wako wanaofanya hivyo, na usipouliza si ajabu ukakaa miezi miwili unalipa mwenyewe. Kwa tiketi hiyo unapanda mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni zote za mikoa, zile zenye herufi RE, RB na S, nchi nzima. Hairuhusu kupanda ICE wala IC, zile treni za masafa marefu, na mkaguzi akikukuta humo hana muda wa kusikiliza kwamba ulidhani treni zote ni moja. Inajirudia yenyewe kila mwezi: ukitaka iishe mwisho wa mwezi, isitishe ifikapo tarehe 10 ya mwezi huo. Kijana anayerudi nyumbani mwisho wa Agosti bila kukumbuka hilo, Septemba anakatwa tena akiwa Iringa.

Kwa safari ndefu, Berlin kwa mfano, treni za mikoa zitakumalizia siku nzima. Nunua tiketi ya ICE wiki nyingi kabla, bei ya mapema ikiwa bado ipo, au panda basi la usiku. Kulala, tumia hosteli za vijana. Wazo lenyewe lilizaliwa karibu na utakapokuwa. Hosteli ya vijana ya kwanza ya kudumu duniani ilianzishwa mwaka 1912 kwenye ngome ya Altena, na mwalimu mmoja, Richard Schirrmann, aliyechoka kulaza wanafunzi wake kwenye nyasi za wakulima kila walipokwenda matembezi. Ngome bado ipo na mabweni yale ya mwanzo yanaonyeshwa. Kwa Deutschlandticket ni safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Lakini anza na mji wako mwenyewe. Wuppertal umejibana kwenye bonde la mto Wupper, na kwa kuwa bondeni hapakuwa na nafasi ya kuweka reli nyingine, wahandisi waliitundika juu ya mto. Treni hiyo, Schwebebahn, ilifunguliwa mwaka 1901 na mpaka leo ndiyo inayopeleka watu kazini. Ina kilomita 13 na vituo 20. Behewa linaning'inia kwenye reli iliyo juu yake. Kwenye kona linayumba pembeni kidogo, na chini ya miguu yako, kama mita 12, mto unapita. Tafuta kiti cha nyuma kabisa chenye kioo kikubwa, ukianzia kituo cha Vohwinkel. Mwanzoni utapita juu ya barabara, usawa wa madirisha ya ghorofani, unaona mtu anapaka siagi kwenye mkate jikoni kwake na wala hainui macho, amezoea. Kisha barabara inakunja, na ghafla uko juu ya maji, nyuma ya viwanda vya zamani vya matofali mekundu. Mpaka Oberbarmen ni nusu saa. Mwaka 1950 watu wa sarakasi walimpandisha humo mtoto wa tembo, Tuffi, kwa ajili ya matangazo. Tuffi akataharuki, akapasua ubavu wa behewa, akaangukia mtoni, akatoka na michubuko tu. Hadithi hiyo ijue kabla hujaanza kazi, maana kila mzee wa pale ana namna yake ya kuisimulia na atafurahi ukiiulizia.

Barmen, ambao leo ni sehemu ya Wuppertal, ndiko alikozaliwa Friedrich Engels, yule mwenzake Karl Marx, mwaka 1820. Na kama wewe ni wa KKKT, hapo pana jambo lako zaidi: kanisa la Gemarke, ambamo Mei 1934 wachungaji na walei walipitisha Tamko la Barmen kupinga Kanisa kugeuzwa chombo cha Hitler. Jirani kabisa na kanisa hilo kuna sinagogi lililofunguliwa mwaka 2002. Simama hapo dakika chache uyatazame majengo hayo mawili kwa pamoja.

Sasa nikuambie jinsi ya kumaliza ugomvi na mama. Mtu mwenye miaka 90 leo alikuwa mtoto wa miaka saba usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Mei 1943, ndege za Uingereza zilipoiteketeza Barmen. Wazee utakaowahudumia wamebeba mji ambao haupo tena. Usianze kwa kuwauliza vita. Anza na chakula, shule, kazi ya kwanza, walikokwenda kucheza muziki walipokuwa vijana. Mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja, na hiyo ni haki yao. Kisha muulize mmoja: ni mahali gani ungependa kupaona tena? Atakutajia kanisa, daraja, bwawa la kuogelea, kijiji cha mamake. Siku yako ya mapumziko nenda hapo. Piga picha ya mahali, rudi, kaa naye saa tisa alasiri wakati wa kahawa, mwonyeshe. Atakusahihisha: mlango ulikuwa upande ule, mti huu haukuwepo. Matembezi ya namna hiyo hakuna mama atakayeyaita utalii, na wewe utakuwa umefika mahali ambapo mtalii hafiki kwa sababu hana wa kumtuma.

Na hiyo kahawa ya saa tisa usiikimbie ukajifungie na simu. Ukanda ule, Bergisches Land, una meza yake ya kahawa, Bergische Kaffeetafel, na ukibahatika watakupeleka kwenye mgahawa wa kijijini wanakoiandaa kama zamani. Kuna mkate wa zabibu kavu, siagi, asali, wali wa maziwa ulionyunyiziwa sukari na mdalasini, waffle za moto zenye cheri, halafu mkate mweusi, jibini na soseji, vyote mezani kwa pamoja. Kahawa inatoka kwenye birika kubwa la bati lenye miguu mitatu na koki, Dröppelminna, ambalo hudondosha matone hata likiwa limefungwa. Wali wenye mdalasini hautakuwa mgeni kwako. Wali huohuo uliopakwa juu ya kipande cha mkate wenye siagi, kwa huo utakuwa na la kuandika nyumbani.

Urafiki huko unachelewa. Mtu atakualika chakula, kisha atatoa kalenda na kukupa tarehe ya wiki tatu zijazo. Usidhani anakukwepa, amekupa nafasi ya kweli. Ikisemwa saa kumi na moja ni saa kumi na moja, na maua au kitu kidogo mkononi hupokelewa vizuri. Mgahawani kila mmoja hulipa chake na hakuna anayeona ubahili. Njia ya mkato ya kuwafikia watu ni vikundi: kwaya, timu ya mpira, zimamoto wa kujitolea, klabu ya wapanda milima. Wewe unatoka Iringa, sina haja ya kukuuliza kama umewahi kuimba kwaya. Tafuta ya kanisa au ya mtaa ndani ya mwezi wa kwanza. Mazoezi ni jioni moja kwa wiki, nota utazifuata hata kama lugha bado inakupiga chenga, na Desemba mtaimba mahali. Kijana mwenye kwaya hapati shida ya kupata mtu wa kumtembeza, wanagombania.

Mwaka unavyozunguka nao una vitu vyake. Tarehe 11 Novemba, au karibu na hapo, watoto hutembea jioni na taa za karatasi kumkumbuka Mtakatifu Martin, mbele yao mtu amepanda farasi na joho jekundu. Majilio huja na taji la mishumaa minne na masoko ya Krismasi. Halafu Februari, mara nyingine mpaka Machi mwanzoni, ni Karneval, sherehe za mitaani kabla ya Kwaresima, na hapa unisikie vizuri. Wuppertal wenyewe hawana moto sana nayo. Nenda Köln, iliyo kama nusu saa kwa treni. Alhamisi ya wanawake, ikifika saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, mji unafungua sherehe na wanawake wanapita na mikasi kukata tai za wanaume. Jumatatu inayofuata kuna maandamano makubwa yanayochukua saa nyingi, na peremende, chokoleti na maua vinarushwa kutoka kwenye magari. Unapaza sauti “Kamelle!” na kufungua mfuko wako, au mwavuli ukiwa umeugeuza juu chini kama wanavyofanya wenyeji. Köln unasalimia “Alaaf”. Düsseldorf, mji wa jirani na mtani wao, “Helau”. Ukikosea utazomewa kwa kicheko. Vaa kitu cha kuchekesha, vaa joto, na ondoka kabla ya usiku kuwa mwingi, kwa sababu pombe nayo haipumziki. Na usishtuke ukakuta mtu mzima amejipaka uso mweusi akidhani amevaa “Mwafrika”. Yako hayo, na wenyewe Wajerumani wanabishana juu yake. Si lazima ucheke, si lazima upige naye picha, wala si lazima uwe mwalimu wake siku ya sikukuu.

Ukiwa Köln siku ya kawaida, kanisa kuu huwezi kulikosa. Ukitoka stesheni limekusimamia mbele, mita 157, lilianzwa kujengwa mwaka 1248 na likakamilika 1880. Mnara wa kusini una ngazi 533 na hakuna lifti ya wageni. Kutoka hapo panda treni ya mkoa inayokwenda kusini kandokando ya Rhine, kupita Koblenz hadi Bingen, na ukae upande wa kushoto. Baada ya Koblenz bonde linabana, kila kilima kina ngome, mizabibu imepandwa kwenye miteremko ambayo kwetu tungeiachia mbuzi. Tiketi yako ya mwezi inalipa yote hayo.

Tuje kwenye safari moja ndefu ambayo ningependa kila Mtanzania aliyeko kule aifanye, nayo ni Berlin. Siyo kwa ajili ya Ukuta tu. Kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde, utaingia ukumbi wa kwanza na kukuta mifupa ya dinosaria imesimama kwa urefu wa mita 13 na zaidi, mirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Imetoka Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wachimbaji wakiwa mamia ya watu wa kusini mwetu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Hiyo ni miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuiacha nchi ile na njaa. Yasome maelezo ya pale polepole. Watoto wa shule wa Kijerumani watakuwa wanapiga kelele pembeni yako, na huenda hakuna hata mmoja anayejua Lindi iko wapi. Ukiwa na moyo, mwonyeshe mmoja kwenye ramani.

Kisha panda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, hadi kituo cha Afrikanische Straße, kwenye mtaa wa Wedding. Mitaa ya pale ina majina kama Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße; iliwekwa kwa majigambo ya kikoloni. Barabara iliyokuwa na jina la Petersallee, ambalo wengi walilihusisha na Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, iligawanywa na kubadilishwa majina mwaka 2024, na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Upande mwingine wa mji, Neukölln, iliyokuwa Wissmannstraße, jina la aliyeizima vita ya Abushiri pwani, tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, wa Moshi, mwanamke wa kwanza kuingia serikalini Tanganyika ilipopata uhuru. Mabadiliko hayo yalisukumwa kwa miaka mingi na wakazi, wengi wao Waafrika wa Berlin. Na ukipita Brunnenstraße, tazama chini: kuna kibamba cha shaba cha Mahjub bin Adam, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto wa jeshi la Mjerumani, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza kwenye filamu, na akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Siku mbili zinatosha kwa mzunguko huo. Za kubaki fanya unavyopenda.

Wewe kama mtu wa Iringa unayo pia Bremen. Fuvu ambalo Gavana Twining alilikabidhi Kalenga Juni 1954 likiwa la Mtwa Mkwawa alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa pale. Kurudishwa kwake kulikuwa kumeandikwa kwenye Mkataba wa Versailles tangu 1919. Kama ni lenyewe hasa, wanahistoria bado wanabishana. Makumbusho ya Übersee yapo karibu kabisa na stesheni kuu ya Bremen. Kwa treni za mikoa, kupitia Münster na Osnabrück, ni nusu siku kwenda. Kama hujawahi kufika makumbusho ya Kalenga, nenda kabla hujasafiri. Ni aibu kidogo kuulizwa Bremen kuhusu kitu kilichoko umbali wa daladala kutoka kwenu.

Paris na Amsterdam? Kibali chako cha ukaazi cha Ujerumani, au viza ya taifa uliyoingia nayo ikiwa bado hai, vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, hadi siku 90 katika kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya ukaazi, si picha kwenye simu, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na kwenye basi anayetazamwa kwanza unaweza kukisia ni nani. Jihadhari na kipindi ambacho viza imekwisha na kadi haijatoka: karatasi ya kusubiria inayokuruhusu kubaki Ujerumani si lazima ikuruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Ofisi ya uhamiaji ya mji ndiyo ikuambie, si rafiki aliyepita salama. Hayo yakiwa sawa, chagua mji mmoja wa nje, ukae siku tatu, badala ya miji mitatu kwa siku moja moja. Amsterdam ni karibu zaidi na mfuko wako. Roma iache.

Kuhusu picha: mzee wa nyumba ile asionekane kwenye status yako, hata mkono wake, bila ruhusa yake na ya wasimamizi. Sheria za faragha kule ni kali, na hili ndilo kosa linaloweza kweli kukuletea barua ya onyo. Na ukialikwa sauna, uliza kabla hujakubali, maana kule sauna nyingi wanaume na wanawake huingia pamoja bila nguo yoyote. Kukataa si kosa hata kidogo.

Ukifika Septemba, wiki mbili za kwanza usiombe chochote, jifunze majina ya wazee. Oktoba ikianza, mpelekee mkuu wa zamu karatasi yenye tarehe zako tatu: Alhamisi au Jumatatu ya Karneval, siku nne za Berlin katikati ya Machi, wiki moja ya Mei. Mwandikie pia ni sikukuu zipi uko tayari kushika zamu. Zilizobaki zitumie kabla ya Julai, kwa sababu kiangazi wenzako wote watakuwa wameondoka na watoto wao, na wanaojitolea ndio huombwa kuziba mapengo.